Tiketi ya Kambini, Ajali ya Posta na Bangi ya Hifadhini: Hapa Polisi Wangu ni Nani?

Maswali ya mwezi huu karibu yote yametoka kwa ndugu zetu walioko Marekani na yote yanazunguka palepale, kwamba nipo ndani ya jimbo fulani lakini nimekanyaga kiwanja cha serikali kuu, sasa polisi wangu ni nani na hakimu wangu ni nani. Nimechagua machache. Kabla hatujaanza mjue mimi ni mkalimani wa mahakamani, sio wakili, korido za mahakama zimenifundisha mengi ila leseni hazijanipa, kwa hiyo mwenye kesi mezani atafute wakili.

SWALI: Kaka habari za kazi. Mimi dereva wa lori, nakaa Texas. Mwezi uliopita nimepeleka mzigo ndani ya kambi ya jeshi, wakati natoka nikasimamishwa, kumbe pale ni maili 25 na mimi nilikuwa kwenye 38. Aliyenisimamisha kavaa kombati kabisa, sio sherifu wala polisi wa mji. Karatasi aliyonipa juu imeandikwa United States District Court. Washkaji kijiweni wanasema mwanajeshi haruhusiwi kumgusa raia, eti kuna sheria ya zamani inakataza, na kwamba nikiipotezea hiyo karatasi haitanifuata kwa sababu watu wa leseni wa jimbo hawana habari nayo. Nilipe au niichane?

JIBU: Usiichane ndugu yangu, na hao washkaji wa kijiweni siku ya korti hutawaona.

Hiyo sheria wanayoisema ipo kweli, ni ya mwaka 1878, inaitwa Posse Comitatus, ilitungwa miaka michache baada ya ile vita yao ya wenyewe kwa wenyewe wakati watu wa kusini wamechoka kuona wanajeshi wanafanya kazi za polisi mitaani kwao. Inachokataza ni jeshi kutumika kama polisi huko uraiani bila katiba au bunge kuruhusu. Ndani ya geti ni habari nyingine. Kamanda wa kambi ana wajibu wa kulinda kambi yake, na MP wake, yaani polisi wa jeshi, anaweza kukusimamisha, kukushikilia na kukukabidhi kwa wanaohusika. Asichoweza ni kukuburuza kwenye mahakama ya kijeshi kwa kosa la spidi, ile ni ya wanajeshi wenyewe, wewe raia unaenda mahakama ya kawaida ya shirikisho, yaani ya serikali kuu, mbele ya hakimu ambaye wala hajavaa kombati. Na makambi mengi utakuta getini hata sio MP, ni polisi raia walioajiriwa na wizara ya ulinzi, karatasi ni ileile.

Sasa itoe uiangalie vizuri. Kuna viboksi viwili, A na B. Kikiwekwa alama A, huna ujanja, lazima ufike mahakamani mwenyewe. Kikiwa B kuna kiasi cha pesa kimeandikwa, ukilipa imeishia hapo, hutaki kulipa unaomba siku ya kusikilizwa. Pesa haziendi kwa kaunti, zinaenda kwenye ofisi moja inayokusanya tiketi za namna hii, yaani karatasi za faini, za nchi nzima, makambi, hifadhi, hospitali za serikali, majengo ya Washington, zote zinamiminika hapo. Usipolipa na usipotokea hakimu anaweza kutoa hati ya kukukamata, na kwa kosa la barabarani mahakama inaweza kuwaarifu hao watu wa leseni wa jimbo lako wasiokuwa na habari.

Nikuhadithie yangu kidogo. Mwaka fulani nilimpeleka mzee mmoja hospitali ya maaskari wastaafu, nikapaki pasipotakiwa, nikarudi nakuta tiketi chini ya waipa. Mimi na akili zangu nikaona ni tiketi ya mji tu, nikaitupa kwenye droo ya gari pamoja na risiti za mafuta. Barua ilipokuja ina nembo ya mahakama ya shirikisho mke wangu alidhani ni mambo ya uhamiaji, hakulala. Na mimi ndio mkalimani wa mahakamani eti.

Utajiuliza hiyo spidi imeandikwa kwenye sheria gani, maana bunge la Washington, yaani la serikali kuu, halijakaa likapanga mwendo wa kila kibarabara cha kila kambi. Hapo wana ujanja wao wa tangu 1825, wanaazima. Kwenye ardhi ambayo serikali kuu ina mamlaka yake, kosa ambalo Washington haijalitungia sheria linachukuliwa kutoka kwenye sheria za jimbo linalozunguka hapo, na adhabu inafuata ya jimbo. Kwa hiyo kosa ni la Texas, mwendesha mashtaka ni wa Washington. Zamani walikuwa wanaazima sheria iliyokuwepo siku bunge lilipopitisha uazimaji, ikawa kila baada ya miaka wanapitisha upya, mpaka 1948 wakaona isiwe tabu, tunaazima kama ilivyo siku ya kosa. Kuna mtu akapinga, tena kesi ilitokea hukohuko kwenu Texas, kambi ya ndege ya Randolph, akasema bunge haliwezi kupitisha leo sheria ambayo jimbo litaiandika kesho. Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1958 ikamwambia linaweza.

Kwa vile wewe ni mtu wa malori kuna kitu nakutonya. Kwenye leseni za malori kupita spidi kwa maili 15 au zaidi ndio kunahesabiwa kosa zito, mawili ya hivyo ndani ya miaka mitatu wanakusimamisha kazi kwa siku 60. Wewe umepita kwa 13. Kwa hiyo hapo umepona, ila ukitiwa hatiani una siku 30 za kumjulisha bosi wako, usisubiri asikie kwa mwingine. Na mheshimu kamanda, akikuandikia barua ya kukupiga marufuku kuingia kambini halafu ukaingia, hilo ni kosa jingine la mpaka miezi 6 jela, na mizigo ya kambini utakuwa umeiaga.

SWALI: Naandika toka Columbus, Ohio. Jumamosi nimegongwa kwenye parking ya posta, mama mmoja kapiga rivasi bila kuangalia kaniharibia bampa na taa. Nikapiga 911 akaja polisi wa mji, kaandika ripoti vizuri tu. Nimefika nyumbani shemeji yangu ananicheka, anasema posta ni ardhi ya Washington, polisi wa mji hana mamlaka pale, hiyo ripoti ni ya kufungia maandazi. Bima watanilipa kweli?

JIBU: Dada, ripoti yako ni halali, itume bima leo. Shemeji amechanganya hati ya kiwanja na mamlaka, na sio yeye peke yake, hata polisi wenyewe wa kule nimeshawasikia wanabishana getini nani aandike.

Serikali kuu ikinunua kiwanja ndani ya jimbo inakuwa mwenye mali kama wewe unavyonunua kiwanja Kibaha, unamiliki lakini polisi wa Pwani anaingia akifukuza mwizi. Mamlaka ya sheria ni kitu kingine na lazima yatolewe. Katiba yao inasema bunge la Washington linaweza kuwa mtawala pekee kwenye sehemu zilizonunuliwa kwa ridhaa ya jimbo kwa ajili ya ngome, maghala ya silaha, gati za meli na majengo mengine yanayohitajika. Hiyo ridhaa ndio kila kitu. Majimbo mengine yalitoa yote, mengine yakatoa nusu, mengine yakasema tunagawana, sehemu nyingi hayakutoa chochote.

Kwa hiyo kuna viwanja vya aina nne. Kuna ambavyo sheria za Washington tu ndio zinatawala, polisi wa jimbo akiingia ni mgeni. Kuna ambavyo wote wawili wana nguvu sawa, anayewahi ndiye anayeandika. Kuna ambavyo jimbo limejibakizia vitu fulani, mfano ngome ya Leavenworth kule Kansas, jimbo lilitoa mamlaka likabakiza haki ya kutoza kodi reli iliyopita humo, kampuni ya reli ikalipa huku inapinga na ikashtaki irudishiwe, kesi ikafika Mahakama Kuu mwaka 1885 na kampuni ikashindwa. Na kuna viwanja ambavyo Washington ni mwenye nyumba tu, sheria za jimbo zinafanya kazi kama mtaa wowote. Ofisi nyingi za posta ziko kwenye kundi hili la mwisho, na nyingine hata sio zao, wamepanga fremu pembeni ya duka la pizza.

Na hapa katikati ni lazima nikupe kisa cha Camp Claiborne, Louisiana, maana kinaonyesha karatasi moja inavyoweza kuangusha kesi nzima. Mwaka 1940 bunge lilisema kuanzia sasa serikali kuu ikitaka mamlaka juu ya ardhi mpya lazima ipokee rasmi, yaani imwandikie gavana, bila hivyo inachukuliwa kwamba haijapokea. Vita ikapamba moto, kambi zikajengwa haraka haraka, barua hazikuandikwa. Mwaka 1942 wanajeshi watatu wakashtakiwa kwa ubakaji ndani ya kambi hiyo, mahakama ya shirikisho ikawahukumu kifo. Rufaa ikafika juu, mwaka 1943 Mahakama Kuu ikauliza, gavana aliandikiwa? Hakuandikiwa. Basi mahakama iliyowahukumu haikuwa na mamlaka kabisa. Ardhi ya serikali, kambi ya serikali, wanajeshi wa serikali, na bado mamlaka hakuna.

Tena ujue haya mambo ya mipaka yana watu ndani yake. Wakazi wa kampasi ya taasisi za afya za taifa pale Bethesda, Maryland, waliambiwa hamuwezi kupiga kura za Maryland kwa sababu mnaishi kisiwa cha Washington. Wanalipa kodi za jimbo, gari wamesajili jimboni, watoto wanasoma shule za jimbo, kura hapana. Walishinda 1970.

Kitu cha mwisho. Kama aliyekugonga angekuwa dereva wa gari la posta lenyewe, hapo usingemshtaki yeye wala usingekimbilia korti ya kaunti. Unajaza kwanza fomu ya madai, wanaiita SF-95, unataja kiasi cha pesa kamili, na una miaka miwili tangu siku ya ajali. Watu wetu wengi wanakaa wanangoja kupigiwa simu mpaka miaka miwili inapita.

SWALI: Mambo vp mzee. Mi niko Denver, Colorado, bangi kwetu ruksa kabisa unanunua dukani na risiti unapewa. Tumeenda Rocky Mountain National Park na masela, askari wa hifadhi katusogelea kanusa katupekua, mimi nikakutwa nayo kidogo tu mfukoni. Kanipa tiketi ya mahakama ya shirikisho. Si tuko Colorado lakini? Nina grini kadi.

JIBU: Mdogo wangu, ungemalizia na hiyo sentensi ya mwisho mwanzoni, maana ndio swali lenyewe.

Colorado ilipiga kura 2012 na maduka yakafunguliwa 2014, sawa. Lakini sheria ya Washington inayokataza bangi haijawahi kuondoka Colorado hata siku moja, ila mtaani askari wa Washington hawana muda na msokoto wako, polisi wa Denver naye sio sheria yake. Ukiingia hifadhini askari pekee unayekutana naye ni wa Washington. Na hapa huhitaji hata kujua kiwanja ni cha aina gani kati ya zile nne, kwa sababu katiba inaipa bunge nguvu ya kuweka kanuni juu ya mali ya taifa, na kanuni hizo zikigongana na za jimbo zinashinda. Hili lilimalizwa mwaka 1976 kwa kesi ya punda. Sio utani, bodi ya mifugo ya New Mexico iliingia kwenye ardhi ya serikali kuu ikakamata punda mwitu 19 ikawapiga mnada kwa sheria ya jimbo, Washington ikasema hao punda wanalindwa na sheria yangu rudisheni, na Mahakama Kuu ikawa upande wa punda.

Adhabu kwa kanuni za hifadhi ni mpaka miezi 6, wengi huishia faini. Wakikushtaki kwa ile sheria kubwa ya dawa za kulevya ni mpaka mwaka mmoja na faini haishuki dola 1,000. Kwa raia hiyo ni kero tu. Kwako wewe wa grini kadi ni jambo la kukaa chini, kwa hiyo usilipe hiyo tiketi, narudia usiilipe, kabla hujaongea na wakili wa uhamiaji, sio wakili wa kesi za barabarani. Kuna unafuu kwenye sheria ya kufukuzwa nchini kwa kosa moja tu la bangi ya matumizi yako isiyozidi gramu 30, watu wanausikia wanatulia, kumbe ukisafiri kwenda kumzika bibi ukarudi, mtu wa uwanja wa ndege anatumia kipengele kingine ambacho unafuu huo haumo. Uraia nao unaweza kukwama.

Kuhusu ule msamaha wa Rais Biden wa makosa ya bangi uliouliza kwenye ujumbe wako wa pili, upo, ulitoka Oktoba 2022 ukapanuliwa Desemba 2023 mpaka kugusa makosa ya kwenye ardhi za serikali kuu, na wenye grini kadi wamo. Ila unahusu makosa ya mpaka tarehe 22 Desemba 2023. La kwako ni la kiangazi hiki.

SWALI: Nimesikia kuna sehemu Marekani ukiua mtu hawawezi kukushtaki. Kweli au story za vijiweni?

JIBU: Kuna profesa wa sheria anaitwa Brian Kalt, mwaka 2005 aliandika makala akionyesha tundu. Hifadhi ya Yellowstone ilianzishwa 1872, kabla Montana, Idaho na Wyoming hazijawa majimbo. Sehemu kubwa iko Wyoming, vipande vinaingia Montana na Idaho, na bunge likaiweka hifadhi nzima chini ya wilaya moja ya mahakama, ya Wyoming. Sasa katiba inasema baraza la wazee wa mahakama, yaani raia wanaoamua kama una hatia, litoke kwenye jimbo NA wilaya lilipotokea kosa. Ukifanya kosa kwenye kipande cha Idaho, wazee watoke mahali palipo Idaho na palipo wilaya ya Wyoming kwa pamoja, mahali hapo ni kipande chenyewe, kama maili 50 za mraba, na haishi hata roho moja, labda dubu, na bila wazee hakuna kesi.

Ila usinunue tiketi ya ndege. Jamaa mmoja aliyepiga risasi mnyama upande wa Montana wa hifadhi hiyohiyo alijaribu hoja hii, jaji akaikataa, akaishia kukubali kosa. Na kama ulipangia nyumbani kwako Idaho Falls kabla ya kwenda, njama imefanyika Idaho Falls, na huko wazee wapo. Kalt mwenyewe alipendekeza kitu cha mstari mmoja, kile kipande kipelekwe wilaya ya Idaho.

SWALI: Jimbo na serikali kuu wanaweza kunishtaki wote kwa kosa moja? Si ni kuhukumiwa mara mbili?

JIBU: Wanaweza, na mwaka 2019 Mahakama Kuu ililirudia hilo. Kwao jimbo ni mtawala na Washington ni mtawala mwingine, umekosea nyumba mbili. Tizama bomu la Oklahoma City, tarehe 19 Aprili 1995, jengo la serikali kuu, walikufa watu 168. Timothy McVeigh, aliyelipua, hakukamatwa na FBI, alisimamishwa na askari wa barabarani wa jimbo dakika kama 90 baadaye kwa sababu gari halina namba nyuma, akakutwa na bastola, akawekwa mahabusu ya kaunti kama mlevi yeyote, ndio FBI wakamkuta hukohuko. Mahakama ya shirikisho ilimtia hatiani kwa mauaji ya maafisa 8 wa serikali kuu, pamoja na bomu lenyewe na njama. Wale wengine waliofia humo mauaji yao yalikuwa kesi za Oklahoma. McVeigh aliuawa kwa sindano 2001 kabla jimbo halijamfikia, lakini mwenzake Terry Nichols, aliyekwisha kupewa kifungo cha maisha na Washington, Oklahoma ilimpandisha tena kizimbani na mwaka 2004 akatiwa hatiani kwa mauaji 161.

SWALI: Mimi nipo Dar. Ule ubalozi wa Marekani pale Msasani ni ardhi ya Marekani au ya Tanzania? Tumebishana kwenye daladala.

JIBU: Ya Tanzania. Mkataba wa Vienna wa 1961 unasema polisi wetu hawaingii bila ruhusa ya balozi, basi, kiwanja hakijahama nchi. Watu wanachanganywa na zile kesi za mabomu ya Agosti 1998, ya Dar na Nairobi, kwa vile zilisikilizwa New York wanadhani ni kwa sababu ubalozi ni kipande cha Marekani. Zilisikilizwa kule kwa sababu sheria zao zinamfuata anayeua raia wao au kulipua mali yao hata akiwa nje, na watuhumiwa walikuwa mikononi mwao. Polisi wa Tanzania walikuwa na haki ya kufungua kesi ya mauaji, na walifungua, mshtakiwa mmoja alishtakiwa mahakama ya hapahapa Dar akaachiwa huru.